Ushuhuda wa Damu katika Maradhi ya Akili

Nanganga ni njia panda. Barabara itokayo pwani kwenda Masasi hupita hapo katika bonde la mto Lukuledi, na nyingine huchepuka kuelekea Ruangwa na Nachingwea. Upande wa kusini hunyanyuka uwanda wa juu wa Makonde, ambao Newala imekaa ukingoni mwake ikitazama bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji. Kwa watu wa historia ya utabibu, nchi hii ya Masasi na Newala ina jina kubwa kuliko eneo lake. Katika miaka ya 1952 na 1953 damu ya wagonjwa wa hapa iliulizwa swali, nayo ikajibu, na jibu lake likaingia katika vitabu vya dunia nzima pamoja na neno moja la Kimakonde. Katika mwaka uo huo wa 1952, mbali sana na Newala, swali jingine liliulizwa juu ya kemia ya mwili na akili ya binadamu, nalo halijapata jibu la namna hiyo mpaka leo. Maswali hayo mawili yafaa kupimwa katika mizani moja, maana la kwanza hufundisha namna ya kulihukumu la pili.

Ugonjwa wa Newala uliingia vijijini kwa ghafula. Mtu aliyelala mzima aliamka na homa kali, na magoti, vifundo, viwiko na vidole vyake vilimuuma hata asiweze kujinyosha. Jina la chikungunya lilitokana na kukunjamana huko, na msemaji wa Kiswahili husikia ndani yake jamaa wa neno lake mwenyewe. Kwa dalili zake ugonjwa ulifanana na kidingapopo, na ingalikuwa rahisi kuuita hivyo na kuishia hapo. Walakini wataalamu hawakutosheka na mfanano. Daktari Marion Robinson alieleza dalili za wagonjwa mmoja mmoja. W. H. R. Lumsden, aliyekuwa mtaalamu wa taasisi ya uchunguzi wa virusi iliyokuwa Entebbe, alichunguza namna ugonjwa ulivyoenea, akaona kwamba shida ya maji ilikuwa na sehemu yake. Uwandani maji ni haba, na watu walizoea kuyaleta kutoka mbali na kuyaweka akiba majumbani, na ndani ya akiba hiyo mbu walizaliana. Naye R. W. Ross alichukua damu ya wagonjwa, akawachoma sindano watoto wa panya, akapata kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana kabla. Habari zao zilichapishwa mwaka 1955 na 1956.

Ushuhuda huo wa damu ulikubaliwa kwa sababu ulitimiza masharti. Kitu kilichotajwa kuwa chanzo kilipatikana ndani ya wagonjwa wenyewe. Kilipotolewa humo kilileta madhara katika kiumbe kingine. Njia yake ya kuingia mwilini ilijulikana, kwani kilipatikana katika mbu pia. Tena mtu mwingine, katika maabara nyingine na nchi nyingine, aliweza kuirudia kazi ile ile na kupata matokeo yale yale. Yakipungua masharti ya namna hii, damu huwa haijasema neno. Msikilizaji ndiye aliyesema, akaisingizia damu.

Tumaini la kuiuliza damu habari za akili halikuwa la kipumbavu. Lilikuwa na msingi katika ushindi wa kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali za vichaa za Ulaya na Marekani zilijaa watu waliopoteza akili na nguvu za viungo kwa maradhi ambayo mwisho wake ulikuwa mauti. Mwaka 1906 August Wassermann na wenzake walitoa kipimo cha damu cha kaswende, na mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore waliviona vijidudu vya kaswende ndani ya bongo za wafu wa maradhi hayo. Kundi zima la watu waliohesabiwa kuwa wendawazimu likatambulika kuwa ni wagonjwa wa kaswende, na penisilini ilipopatikana miaka ya 1940, maradhi hayo yakaanza kutoweka wodini. Hata katika zahanati ya kusini mwa Tanzania somo hili hujirudia kwa sura nyingine. Mtu huletwa amefungwa kamba, anaropoka na kupigana, jamaa zake wakisema amepandwa na wazimu. Tone la damu yake likiwekwa chini ya hadubini huonyesha vijidudu vya malaria, naye akitibiwa kwa wakati hupona, akarudi shambani. Mwenye kuona jambo kama hilo mara moja ana haki ya kuuliza ni wazimu gani mwingine uliojificha ndani ya damu.

Ndipo ulipofika mwaka 1952. Katika mwaka huo Humphry Osmond na John Smythies walitoa fikira mpya juu ya skizofrenia, yaani maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwako na kuamini mambo yasiyokuwa na asili. Waliona kwamba meskalini, dawa ya mpungate wa Meksiko ambayo humletea mlaji wake maono ya ajabu, inafanana kwa umbo na adrenalini, ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Wakauliza kama haiwezekani kwamba mwili wa mgonjwa, kwa kosa fulani la kazi yake, hujitengenezea sumu iliyo jamaa ya meskalini. Kosa hilo walilihusisha na methilesheni.

Neno hili lahitaji maelezo. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna kazi ya kupachika kikundi kidogo cha kaboni moja na hidrojeni tatu juu ya vitu vingine. Kikundi hicho huitwa methili, na kukipachika ndiko methilesheni. Ni kama kutia kishikizo katika nguo: nguo ni ile ile, lakini namna ya kuvaliwa imebadilika. Kwa njia hii mwili huigeuza noradrenalini kuwa adrenalini, huzima baadhi ya kemikali zilizokwisha kufanya kazi yake, na hutia alama juu ya vinasaba ili baadhi yao visisomwe. Mwaka 1953 Giulio Cantoni alieleza kitu kinachobeba methili hizo na kuzigawa, ambacho asili yake ni methionini itokayo katika chakula. Vitamini B12 na foleti husaidia kukijaza tena kinapokwisha. Basi methilesheni si hadithi ya wauza dawa. Ni kazi ya kweli, inayofanyika usiku na mchana ndani ya mwili wa kila msomaji.

Osmond alikuwa akifanya kazi Saskatchewan, Kanada, pamoja na Abram Hoffer, ambaye kabla ya kuwa tabibu wa akili alikuwa amesomea kemia ya viumbe. Hoja yao ilikuwa rahisi kufahamika. Ikiwa methili zimezidi au zimepotea njia, mgonjwa na apewe kitu kitakachozinyonya. Na niasini, ambayo ni vitamini B3, huunganishwa na methili kabla ya kutolewa mwilini. Wakaanza kuwapa wagonjwa niasini kwa kiasi kikubwa mno kupita kile cha chakula. Jambo moja lazima litajwe kwa heshima yao. Wakati ambapo wakubwa wengi wa elimu hiyo waliwalaumu akina mama kwa maradhi ya watoto wao, wawili hawa walisema mgonjwa ni mgonjwa, hana lawama wala aibu. Jambo la pili ni kwamba walikubali kupimwa. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 1957 lilikuwa miongoni mwa ya kwanza katika tiba ya akili kutumia njia ambayo mgonjwa hajui, wala tabibu hajui, nani amepewa dawa na nani amepewa kidonge kitupu.

Njia hiyo ndiyo iliyowahukumu baadaye. Majaribio mengine yaliyofanywa Kanada na Marekani hayakuipata nafuu waliyoitaja. Ni kweli kwamba mwaka 1961 William Pollin na wenzake walipowapa baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia methionini pamoja na dawa fulani, waliona hali ya wengine ikizidi kuwa mbaya, na wafuasi wa methilesheni wakapata moyo. Lakini sumu yenyewe, ile jamaa ya meskalini iliyodhaniwa, haikupatikana kuwa chanzo cha maradhi. Mwaka 1973 kamati ya chama cha matabibu wa akili wa Marekani ilitoa ripoti kwamba tiba ya vitamini nyingi haikuthibitishwa. Kwa kipimo cha Newala, shahidi aliitwa mara kadhaa akashindwa kutokea.

Hapo ndipo histamini ilipoingia. Kemikali hii, ambayo kazi zake zilielezwa na Henry Dale na Patrick Laidlaw mwaka 1910, hujulikana kwa kila aliyewahi kuumwa na nyuki: ndiyo ivimbishayo ngozi na kuiwasha. Carl Pfeiffer, mtaalamu wa dawa wa Marekani, alipima histamini katika damu ya wagonjwa wa akili, akawagawa wengi wao makundi mawili, wenye histamini nyingi na wenye histamini chache. Kila kundi alilipa jina, tabia na dawa zake. Baada yake wafuasi walikiunganisha kipimo hicho na methilesheni kwa hoja hii: histamini huzimwa kwa kupachikwa methili, basi mwenye histamini nyingi ana upungufu wa methilesheni, na mwenye histamini chache methilesheni yake imezidi. Wa kwanza na apewe methionini. Wa pili apewe niasini na foleti. Msomaji atambue kwamba methionini, iliyoshukiwa mwaka 1961 kuwa huchochea wazimu, sasa imekuwa tiba ya sehemu ya wagonjwa wale wale. Kubadili shauri si aibu katika elimu, mradi kila shauri liwe na ushahidi wake.

Ushahidi ndio unaokosekana, na kasoro zake ni tatu. Ya kwanza ni kwamba histamini iliyomo katika damu, sehemu yake kubwa imefungwa ndani ya chembe nyeupe ziitwazo basofili, ambazo ni chache kuliko chembe nyeupe nyingine zote. Kwa hiyo mwenye kupima histamini ya damu nzima aghalabu anahesabu basofili, na hesabu hiyo huathiriwa na mambo mengi: pumu, mzio, dawa, na maradhi ya wadudu wa tumboni. Mtoto wa bonde la Lukuledi mwenye minyoo anaweza kuwa na damu iliyo tofauti na ya mtoto wa New Jersey, na tofauti hiyo isiwe na habari yoyote ya akili yake. Kasoro ya pili ni kwamba histamini ina njia mbili za kuzimwa mwilini. Moja hutumia methili. Ya pili hutumia kimeng'enya kingine kabisa, nayo haigusi methili hata kidogo. Anayesoma methilesheni kwa kutazama histamini ni kama mtu anayehesabu wasafiri wa Nanganga kwa kusimama kwenye barabara moja, akasahau kwamba pale ni njia panda.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa. Ubongo una histamini yake. Huitengeneza wenyewe katika seli chache zilizo chini yake, ambazo humsaidia mtu kukaa macho, na huizima hasa kwa methili. Laiti kipimo kingaliweza kuifikia histamini hiyo, pengine kingalikuwa na la kusema. Lakini kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho histamini haikipiti kwa urahisi. Kilicho upande huu hakitoi habari za kilicho upande wa pili. Hivyo mantiki ya wafuasi ni nzuri mahali ambapo kipimo hakifiki, na kipimo kinafika mahali ambapo mantiki haina kazi.

Je, ndiyo kusema kwamba chakula na kemia ya mwili havina uhusiano na akili? Hasha. Nchi zilizo kando ya Ruvuma zina ushahidi mzito wa kinyume chake. Wakati wa vita vya Msumbiji, wakimbizi kwa mamia ya maelfu walikuwa Malawi wakiishi kwa posho ya mahindi. Karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini. Ugavi wa karanga ulipokatika, mwaka 1990 wakimbizi zaidi ya 18,000 walipata pelagra, ugonjwa ambao huanza kwa kuchubuka ngozi na kuhara, na usipotibiwa huishia katika kuvurugika akili na mauti. Dawa yake ni niasini, na hapa vitamini ile ile iliyoshindwa Kanada hufanya kazi kwa siku chache. Watu wa Nachingwea wana sababu ya kulitafakari jambo hili. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilifyeka misitu yao kwa matrekta ili ilime karanga za kukamua mafuta ya kupeleka kwao, na mwaka 1951 mpango ule mkubwa uliachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Mbegu iliyolimwa kwa gharama ile ilikuwa na thamani nyingine, ambayo mwanamke mwenye konzi ya karanga katika mboga yake aliitumia bila mpango wa serikali yoyote.

Muhogo nao una somo lake. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubakiwa na sumu ya sayanaidi, na mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa itokayo katika protini, hasa methionini na jamaa zake. Mlaji wa muhogo mtupu, asiye na kunde wala samaki, hutumia akiba ndogo aliyo nayo. Mwaka 1985, katika shida ya njaa, watu wa Tarime katika mkoa wa Mara walipooza miguu ghafula kwa ugonjwa wa konzo, ambao huhusishwa na sumu hiyo pamoja na upungufu wa protini. Hapa methionini inatajwa kwa haki, na kipimo cha mkojo cha mabaki ya sayanaidi hutoa ushahidi unaoweza kurudiwa. Vivyo hivyo upungufu wa vitamini B12 huweza kuleta usahaulifu na hata maruweruwe, na damu huweza kuuonyesha. Watafiti wa London walieleza mwaka 1990 kwamba wagonjwa wa sonona na skizofrenia waliokuwa na upungufu wa foleti walipata nafuu zaidi walipoongezewa foleti yenye methili juu ya dawa zao za kawaida. Maneno mawili humo yashikwe sana: walikuwa na upungufu uliopimwa, na dawa zao hawakuziacha.

Ajabu ya historia ni kwamba histamini iliingia katika tiba ya akili kwa mlango ambao hakuna aliyeubashiri. Mafundi wa dawa wa Ufaransa walikuwa wakitafuta dawa za kuizuia histamini, na katika ukoo wa dawa hizo ikazaliwa klopromazini. Mwaka 1952, mwaka wa Newala na mwaka wa Osmond, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa Paris dawa hiyo, nao wakaona kelele za wodi zikitulia. Klopromazini haiponyi skizofrenia, na ina madhara yake. Lakini ilipimwa kwa wengi, katika nchi nyingi, ikaonekana kuwa inasaidia. Ilifika hata katika hospitali kama Mirembe ya Dodoma na Lutindi ya milima ya Usambara, ambazo zilikuwa zimewatunza wagonjwa kwa miongo mingi kabla ya kuwako dawa kama hiyo.

Suala hili si la maktaba peke yake. Vipimo vya histamini ya damu vingali vikiuzwa na baadhi ya maabara za nchi tajiri, na habari zake husafiri. Mzazi wa Masasi au wa Newala ambaye kijana wake amevunjika akili yu tayari kuuza korosho za msimu mzima ili apate jina la jambo lililomfika. Hamu ya jina ni kubwa. Ndiyo impelekayo kwa mpiga ramli, na ndiyo iwezayo kumpeleka kwa mwenye mashine. Nambari iliyochapishwa katika karatasi hufariji kama jina la pepo linavyofariji, maana humwambia mtu kwamba adui yake amejulikana. Lakini faraja hiyo ina bei mbili. Ya kwanza ni fedha ambazo zingalinunua nauli ya kliniki, dawa, mayai na kunde. Ya pili ni hatari: kijana akiambiwa kwamba ugonjwa wake ni methili tu, ataacha dawa inayomshikilia; na foleti nyingi akipewa mtu mwenye upungufu wa B12 huweza kuisafisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Hapo kipimo kisicho na maana huwa kimeleta dhara lenye maana.

Yanayopaswa kuulizwa damu ya mgonjwa huyo ni mengi, nayo hayana fahari. Iulizwe malaria. Iulizwe kaswende, na virusi vya Ukimwi, na kisukari, na upungufu wa damu, na tezi ya shingo, na B12 panapokuwa na sababu. Kila moja la maswali haya lina jibu lililothibitishwa na tiba inayolifuata. Yakishaulizwa yote na damu ikanyamaza, tabibu mwaminifu humwambia mzazi kwamba maradhi haya ni ya kweli ijapokuwa damu haiyataji, kwamba hayakuletwa na kosa la nyumba yake, na kwamba dawa zipo zinazopunguza mateso. Maneno hayo ni mazito kuyasema kuliko kutoa karatasi yenye nambari. Huhitaji muda, subira, na zahanati yenye mtu aliyefundishwa, na hicho ndicho kilicho haba vijijini kuliko mashine.

Damu ya Newala ilisadikiwa baada ya kuhojiwa vikali. Mgonjwa wa akili wa nchi ile ile anastahili ukali huo huo kwa kila kipimo kitakacholetwa mlangoni pake, kipya au cha zamani, kitoke ng'ambo au kitoke jirani.